Wanachama Sabini wa Miaka Hamsini na Tisa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Edinah alikata majani ya nepia na kumpelekea fahali. Fahali huyo hakuwa wake. Alikuwa mali ya Kikundi cha Kufaana cha Marani, na mwezi huo zamu ya kumlisha ilikuwa ya nyumba ya Edinah.

Mama mkwe wake, Kemuma, aliketi barazani na kikombe chake cha uji wa wimbi. Kazi ya kukata majani ilikuwa ya Edinah. Kazi ya kusema namna ya kuyakata ilikuwa ya Kemuma.

"Mokamwana," alisema, kwani ndivyo Wagusii wanavyomwita mke wa mtoto wao, "mkatie vipande vidogo. Huyo huenda akawa wangu."

"Mama, wewe huendi popote."

"Sijasema naenda. Nimesema siku akiitwa, awe amenona."

Kikundi kilikuwa na wanachama mia moja na ishirini. Kila mwezi kila mmoja alitoa mchango mdogo. Kwa michango hiyo, kikundi kilinunua mafahali na kuwalisha kwa zamu. Mwanachama akifariki, jamaa zake walipewa fahali mmoja ili waombolezaji washibe. Ahadi ilikuwa hiyo tu, lakini kwa Kemuma ilikuwa ahadi kubwa. Aliwahi kusema kwamba hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa na watu wenye njaa, kwa sababu mwenye njaa husema mabaya ya marehemu.

Mwaka ulikuwa wa 2021, mwaka wa pili wa Korona. Mnamo Januari kikundi kilikuwa na mafahali tisa. Kufikia mwisho wa Juni wanachama sita walikuwa wamefariki, na mafahali walikuwa wamebaki watatu.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Haron, alimpigia simu Edinah, aliyekuwa katibu.

"Katibu, tunaangamia," alisema. "Nimefikiri usiku kucha. Ugonjwa huu unachukua wazee. Basi tuwatoe wazee kabla hawajatumalizia mafahali. Jumapili tutapiga kura. Kila aliyetimiza miaka sitini atoke kikundini. Wewe niletee orodha yao."

"Watoke, Mzee? Wamechanga miaka tisa!"

"Tutawaombea," alisema Haron, akakata simu.

Edinah alilitoa daftari sandukuni. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho, alikuwa na orodha ya mtu mmoja: Nyangau, seremala. Wanachama arobaini na tisa walikuwa vijana na watu wa makamo. Waliobaki, watu sabini kamili, walikuwa na miaka hamsini na tisa.

Edinah alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliikumbuka siku ile ya mwaka wa 2012.

Siku hiyo kikundi kilianzishwa, naye ndiye aliyelipiga daftari mistari. Alichora safu tatu: Jina, Mtaa, Umri. Sharti la kuingia lilikuwa jepesi. Aliyekuwa chini ya miaka sitini alileta kuku wawili. Aliyetimiza sitini alileta ndama dume, kwa kuwa alitarajiwa kumhitaji fahali mapema zaidi. Sharti lilipotangazwa, Marani nzima ilipata ujana. Wazee waliotembea kwa bakora walizificha bakora nyuma ya ua, wakaja wima, kila mmoja na kuku wawili, wakasema, "Andika hamsini na tisa." Nyangau peke yake ndiye aliyekuja akimvuta ndama. "Nina miaka sitini na miwili," alisema, na watu wakamcheka hadi akafika kwake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa tena safu ya Umri. Kila jirani alizeeka, isipokuwa daftarini.

Edinah aliirudia orodha. Mstari wa saba ulisomeka hivi: Kemuma, miaka hamsini na tisa. Alijua vyema kwamba Kemuma alikuwa na miaka sabini na sita. Akinyamaza, Nyangau mkweli angefukuzwa peke yake na mafahali wangeisha vilevile. Akisema ukweli, mama mkwe wake angempoteza fahali aliyemlisha kwa macho kila asubuhi.

Alilifunga daftari, akaenda kwa jirani kumwona Lavender.

Lavender alikuwa binti wa nyumba ya pili, msomi wa chuo kikuu, mfanyakazi wa kampuni moja ya bima huko Nairobi. Korona ilipoingia, kampuni iliwaambia wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani. Lavender alirudi Marani na kompyuta yake. Mtandao ulipatikana vizuri mahali pamoja tu, kando ya zizi la ng'ombe. Hapo ndipo alipoweka meza yake, akavaa koti la ofisi kwa juu na gambuti kwa chini.

Watu walimwogopa. Kisa kilianza siku ya kwanza, Kemuma alipomwuliza, "Mwanangu, siku hizi unafanya kazi gani?"

"Mimi ni aktuari, Magokoro," alijibu Lavender, akimwita nyanya kwa heshima.

Kemuma hakuwahi kulisikia neno hilo. Masikio yake yalimpa neno alilolijua. Kufikia jioni, Marani yote ilikuwa na habari kwamba binti msomi anafanya kazi mochwari. Wengi waliacha kumpa mkono. Lavender alipojaribu kusahihisha, aliharibu zaidi. Alisema kwamba yeye hashughulikii maiti, bali hukadiria watu wangapi watafariki mwaka ujao. Tangu hapo walimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara.

Edinah alimkuta akizungumza na wakubwa wake kwenye kompyuta. Jogoo mkubwa mwekundu alikuwa amesimama juu ya ua. Kila Lavender alipofungua mdomo, jogoo aliwika.

"Huyu ni wenu?" aliuliza Edinah mazungumzo yalipokwisha.

"Ni wa Mwenyekiti Haron," alisema Lavender kwa uchovu. "Alimleta wiki iliyopita. Akaninong'oneza, 'Mwanangu, kwenye hesabu yako ya mwaka ujao, mimi niruke.' Nilimweleza kwamba siwajui watakaokufa kwa majina. Akakonyeza jicho, akasema, 'Naelewa, ni siri ya kazi.' Akaniachia jogoo akakimbia."

"Kwani kweli huwajui?"

"Mama, hakuna anayejua. Tuseme una kuku mia wanaotaga. Unaweza kujua yupi atataga kesho?"

"Hapana."

"Unaweza kujua kwamba kesho utapata mayai sitini hivi?"

"Hilo naweza. Nimewafuga muda mrefu."

"Basi na wewe ni aktuari wa kuku. Mimi hutazama kundi kubwa la watu na umri wao. Hutazama miaka iliyopita. Kisha hukadiria wangapi watafariki na wangapi wataugua, ili kampuni ijue itimize vipi ahadi ilizotoa. Kazi yangu ni kulinda ahadi. Lete hilo daftari."

Lavender alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwaka wa 1962 ulikuwa na nini hapa Marani?" aliuliza. "Watu sabini wamezaliwa mwaka mmoja!"

"Daftari liliandikwa mwaka wa 2012," alisema Edinah kwa sauti ndogo.

"Basi hata kama hawakudanganya, leo wana sitini na minane. Na huyu Mwenyekiti? Mwanawe wa kwanza, mwalimu, si ana miaka hamsini na minane?"

"Ndiyo. Anangoja kustaafu."

"Kwa hiyo baba amemzidi mtoto mwaka mmoja."

Walicheka hadi ng'ombe akageuka kuwatazama. Kisha Lavender akachukua kalamu.

"Sasa tusicheke. Huu uongo una madhara. Kwa umri ulioandikwa humu, mngetarajia vifo viwili kwa mwaka. Mwaka huu mmezika sita kwa nusu mwaka. Anayeliamini daftari hili atasema kijiji kimelogwa, na atamtafuta wa kumlaumu. Miaka mingine mlizika wangapi?"

Edinah alihesabu kwa vidole. "Wanne. Mara watatu, mara watano."

"Unaona? Vifo vinne kwa mwaka ndiyo kawaida ya watu wenye umri wenu wa kweli. Nusu mwaka ni viwili. Mmepata sita. Kwa hiyo vilivyozidi kawaida ni vinne. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazini janga lilipoingia. Hatukuuliza tu nani alipimwa Korona, maana wengi hawakupimwa, na wengine jamaa zao walisema ni kifua tu. Tulihesabu vifo vyote, tukaondoa vile vya kawaida. Kilichobaki kilituonyesha ukubwa wa janga."

"Na miezi sita ijayo? Niambie namba."

"Hata mkurugenzi wetu alitaka namba moja. Tulikataa kumpa. Tulimpa njia tatu, na nitakupa wewe pia. Mambo yakienda vizuri, mtazika wawili. Yakienda kwa wastani, wanne. Yakienda vibaya, saba. Ninyi ni kikundi kidogo, kwa hiyo bahati nayo inaweza kuyasogeza makadirio haya huku au kule. Swali si njia ipi itatokea. Swali ni hili: mafahali watatu watatosha kwa njia ipi?"

"Kwa ya kwanza tu," alisema Edinah.

"Basi hapo ndipo pa kufikiri, kabla ya kumfukuza mtu yeyote."

Waliketi pale zizini mpaka mchana. Jogoo aliwika mara kumi na moja.

Jumapili ilifika. Mikutano mikubwa ilikuwa imekatazwa, hivyo kila mtaa ulituma wajumbe, wakawa kumi na watano. Walikutana uani kwa Haron mapema, wapate kurudi kabla ya saa za kafyu. Viti vilitengana hatua mbili. Kila mtu alivaa barakoa, ingawa ya Haron ilikuwa kidevuni ili sauti yake isikike. Kemuma alikuwa mjumbe wa mtaa wake, akaketi mbele. Lavender aliketi nyuma, na jirani yake alisogeza kiti hatua ya tatu.

Haron aliomba dua ndefu, kisha akasema, "Ndugu zangu, mafahali ni watatu. Lazima tukate mzigo. Katibu, soma majina ya waliotimiza miaka sitini."

Edinah alisimama. "Nyangau," alisoma. "Orodha imekwisha."

Nyangau alisimama polepole, akavua kofia.

"Kumbe Marani nzima mzee ni mimi peke yangu," alisema. "Sina ugomvi. Ndama niliyemleta alikua, akawa fahali, akachinjwa kwenye mazishi ya kaka yake Haron. Nami nilikula. Alikuwa mtamu. Basi kwaherini, vijana."

Alianza kuondoka, akijikokota kwa bakora yake. Edinah alitazama mgongo wake. Akamtazama Kemuma. Mwili wote ulimwambia aketi.

"Mzee Nyangau, ngoja," alisema. "Kosa ni langu. Nilichora safu ya Umri badala ya Mwaka wa Kuzaliwa. Umri ulioandikwa humu umesimama miaka tisa, na hata siku ulipoandikwa haukuwa wa kweli. Sitamnyooshea mtu kidole. Nitaanza na nyumba yangu. Mama yangu Kemuma..."

Hapo alikwama. Kwa Wagusii kuna heshima inayoitwa chinsoni kati ya mzazi na mtoto, na mambo ya mama mkwe hayatangazwi na mke wa mwanawe mbele ya wanaume.

Kemuma aliinuka.

"Keti, mokamwana. Umri wangu nitautaja mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyeutumia. Nilizaliwa mwaka wa 1945. Nina miaka sabini na sita. Nilileta kuku wawili na mmoja alikuwa kilema. Ukweli huu nilikwisha kuusema mwezi wa nne, kwenye foleni ya chanjo, walipotangaza kwamba wazee watangulie. Niliwaambia sabini na sita, nikapelekwa mbele. Na mbele yangu nilimkuta Haron!"

Vichwa vyote vilimgeukia mwenyekiti.

"Haron alimwambia nesi nini?" aliuliza Nyangau, ambaye sasa hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Alisema sabini na minane. Kwa sauti. Akaonyesha na kitambulisho."

Haron alivuta barakoa ikafunika pua, kisha mashavu, kisha karibu macho.

"Nilikuwa namwambia nesi," alisema. "Sikuwa nakiambia kikundi."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Kilipotulia, mzee mmoja alisema kwamba yeye ana sabini na miwili. Mwingine akasema themanini. Walikuwa kama watu waliovua viatu vinavyobana. Edinah aliandika haraka. Kati ya wajumbe kumi na watano, waliotimiza sitini walikuwa kumi na mmoja.

"Vizuri," alisema Nyangau. "Mwenyekiti, tupige kura yako. Sisi kumi na mmoja tutoke. Wabaki hawa wanne, walishe mafahali, wachange, watuzike sote."

Hakuna mkono ulioinuka, hata wa Haron.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Haron kwa unyonge. "Kwa mara ya kwanza sina wazo."

"Tumsikilize Lavender," alisema Edinah.

"Yule wa mochwari?"

"Aktuari, Mzee," alisema Lavender akisimama. "Naomba nianze na hili. Mtu aliyechanga miaka tisa amenunua ahadi. Kumtoa wakati wa janga ni kumnyang'anya mwavuli mvua inaponyesha. Kazini tulikubaliana kwamba ahadi za zamani zitatimizwa kwanza, ndipo tutafute njia."

"Njia gani? Fahali hazai fahali!" alidakia Haron.

"Niwaulize. Zamani mazishi hapa yalikuwa na watu wangapi?"

"Mia tano. Mia sita."

"Na sasa serikali inaruhusu?"

"Hamsini."

"Watu hamsini wanakula fahali mzima?"

Watu walitazamana. Ilikuwa kweli. Katika mazishi mawili ya mwisho, mbwa wa Marani walikuwa wamenenepa kuliko waombolezaji.

"Basi tutoe nusu fahali," alisema mjumbe mmoja.

"Na nusu iliyobaki itasimama na miguu gani?" aliuliza Kemuma.

"Watu hamsini wanatoshwa na mbuzi wawili," aliendelea Lavender. "Fahali mmoja sokoni anabadilishwa kwa mbuzi sita. Muuze mafahali wawili, mnunue mbuzi kumi na wawili. Hao ni wa mazishi sita. Fahali wa tatu abaki kwa mazishi ya saba. Saba ndiyo njia mbaya niliyomwonyesha Katibu. Mkijiandaa kwa mbaya, iliyo nzuri haitawadhuru. Amri ikiondolewa na watu wakirudi mia tano, mtarudi kwenye fahali. Kwa hiyo mtapima tena kila baada ya miezi mitatu. Nikikosea, nitasema nimekosea, na tutarekebisha."

"Na yakipita saba?" aliuliza Nyangau.

"Ndiyo maana hampaswi kusimama peke yenu. Kuna kikundi kama hiki upande wa Nyamira. Mkubaliane. Atakayeelemewa asaidiwe na mwenziwe, kisha zamu ikigeuka naye asaidie. Kampuni za bima nazo hukatiana bima. Lakini nisiwadanganye. Janga linaweza kuwapiga wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msitegemee hilo peke yake. Barakoa ivaliwe juu ya pua, Mzee Mwenyekiti, na dozi ya pili ya chanjo isisahauliwe. Kila asiyeugua ni mbuzi wawili waliobaki zizini."

Kura ilipigwa. Mikono kumi na mitano ilipanda. Waliamua pia kwamba waliodanganya wasifukuzwe, bali kila watu watano wasaidiane kununua ndama mmoja, mdogo mdogo, hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Kwa huruma, waliongeza kifungu kimoja: aliyetimiza miaka themanini asikate tena majani. Nyangau alirudi kwenye kiti chake akatunzwa makofi, akasema ni mara ya kwanza ndama wake kupigiwa makofi.

Wakati wa kuondoka, Haron alimsogelea Lavender.

"Mwanangu, kama kweli huwajui kwa majina... yule jogoo..."

"Mchukue leo, Mzee. Nakuomba. Mkurugenzi anadhani ninafanya kazi sokoni."

Edinah alinunua daftari jipya. Safu ya tatu sasa ilisomeka Mwaka wa Kuzaliwa, na ya nne Nambari ya Kitambulisho. Miezi mitatu baadaye walipima. Miezi sita baadaye walipima tena. Wanachama wanne walikuwa wamefariki, na kila nyumba iliyofiwa ilipewa mbuzi wawili, bila mtu kuulizwa umri wake wala ugonjwa wake. Mbuzi wanne walibaki, pamoja na fahali mmoja na ndama watano wapya. Kikundi cha Nyamira kilielemewa Septemba, nacho kikasaidiwa kwa fedha za michango. Marani walianza kumpa Lavender mkono tena, ingawa Kemuma aliendelea kumwita "yule wa mochwari ya walio hai".

Januari, Haron alifika nyumbani kwa Edinah asubuhi.

"Katibu, kuna kosa dogo daftarini. Umeniandika kuzaliwa 1943. Mimi ni wa 1940."

"Mzee, zamani ulikuwa hamsini na tisa!"

"Ndiyo, lakini tangu tuanze kusema ukweli, nimezeeka haraka. Na yale majani ya nepia yanakata mikono."

"Kitambulisho, Mzee," alisema Edinah, akafungua safu ya nne.

Haron alipapasa mifuko bila kukitoa, akachukua panga lake taratibu, akaelekea shambani kwake kumkatia majani fahali wa zamu yake.

Barazani, Kemuma alimaliza uji wake. Zamu ya kuwalisha mbuzi ilikuwa imerudi nyumbani kwao, na mbuzi wawili walikuwa wakitafuna kando ya ua, wameng'aa kwa shibe. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Wakatie vidogo vidogo, mokamwana," alisema. "Hao wawili ni wangu. Lakini waambie wale polepole. Mimi sina haraka nao."